Jibu: Je, kupinga nyongeza ya bajeti ya jeshi wakati wa janga ni kuiacha nchi wazi?

Hapana, ndugu yangu. Tunachopinga ni nyongeza. Mishahara ya askari na ulinzi wa mipaka vibaki palepale.

Kumbuka 2020. UVIKO-19 inaua watu, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, anaomba silaha zinyamaze dunia nzima. Mwaka huohuo matumizi ya kijeshi duniani yakapanda hadi karibu dola trilioni 2, kwa hesabu za SIPRI, taasisi ya Sweden inayofuatilia matumizi ya kijeshi, huku uchumi ukisinyaa. Na wauguzi je? Barakoa ya kutumika mara moja ilivaliwa siku kadhaa, na wengine walijifunga mifuko ya taka badala ya mavazi ya kinga, tena katika nchi tajiri zenye ndege za kivita za kila aina! Hilo linaniuma mpaka leo.

Ndege ya kivita ikiagizwa leo itafika baada ya miaka. Aliyekosa oksijeni anazihesabu dakika.

Na huyo adui unayemwogopa: manowari ya Marekani, USS Theodore Roosevelt, ilikwama kisiwani Guam, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka huo bila kupigwa hata risasi moja. Mabaharia zaidi ya 1,000 walikuwa wameambukizwa UVIKO-19.