Aliyebishana na nafsi yake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, shujaa huogopa?" Jibu langu ni Abdullah bin Rawaha, sahaba wa Mtume Muhammad, Allah amridhie.

Katika darsa za sira, yaani historia ya Mtume, hutajwa mbiombio: amiri wa tatu wa vita vya Muta, kisha msimulizi humkimbilia Khalid bin Walid, aliyeongoza jeshi baada yake. Inaniuma. Huyu alikuwa Mkhazraji, mtu wa kabila la Khazraj la Madina, mmoja wa wale nakibu 12, viongozi walioteuliwa katika kiapo cha Akaba, na mshairi ambaye beti zake Mtume (s.a.w.) mwenyewe alizighani akibeba udongo siku ya vita vya Handaki: "Ewe Mola, lau si Wewe tusingeongoka, wala tusingetoa sadaka, wala tusingeswali."

Mwaka wa 8 Hijria (629), jeshi la Waislamu 3,000 lilitumwa Sham, nchi za kaskazini ya Arabuni. Mtume alipanga: Zaid bin Haritha aongoze; akiuawa, Jaafar bin Abi Talib; naye akiuawa, Abdullah. Walipofika Maan, mji ulio katika Jordan ya leo, wakapata habari kwamba Warumi na Waarabu walioungana nao ni wengi mno; sira hutaja hata laki mbili. Wakakaa siku mbili wakishauriana, tumwandikie Mtume au vipi? Abdullah ndiye aliyesimama akawaambia kwamba hicho wanachokiogopa, shahada, yaani kufa shahidi, ndicho walichokitokea, na kwamba hawapigani kwa wingi wa watu. Wakasonga mbele.

Hapo Muta, Zaid akaanguka. Jaafar akaanguka. Bendera ikamfikia yule aliyewahimiza wenzake, naye akasita. Wapokezi hawakulificha jambo hilo, nami nawashukuru. Akaanza kuisemesha nafsi yake kwa shairi: "Naapa, ewe nafsi, utashuka, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Mbona nakuona huitaki Pepo?" Akaisuta kwamba si kitu ila tone ndani ya kiriba kikuukuu. Nafsi ni neno letu pia, tunalitamka kila siku. Sijui shairi jingine la vita linaloligeuza hivi, mshairi akimwacha adui pembeni na kujihesabia mwenyewe.

Alikuwa ameshuka farasi binamu yake alipomletea kipande cha nyama, ajikaze mgongo, kwa maana siku zile alikuwa ametaabika. Akang'ata mara moja. Akasikia vurugu upande wa vita. "Nawe ungali duniani!" akajiambia, akaitupa nyama, akashika upanga, akapigana mpaka akauawa.

Mhariri, aliogopa. Lakini shahada aliitamani mapema, tangu njiani. Usiku mmoja alikuwa akighani beti za kutamani asirudi kwao, na nyuma yake juu ya ngamia amempakia Zaid bin Arqam, yatima aliyemlea. Kijana akalia. Abdullah akamgusa kwa kiboko, akamwambia: una nini wewe, Mungu akiniruzuku shahada nawe ukarudi ukiwa umekaa vizuri kwenye tandiko?

Zaid bin Arqam alirudi Madina, na beti za usiku ule zimetufikia kwa ulimi wake.