Lile kovu la juu ya sikio

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa uani, mama yako akibangua korosho. Umeniuliza nywele zangu zilianza kupukutika nikiwa na umri gani, na kama ningekuwa wewe, nina miaka 23 na hela ya kwenda Istanbul imeshapatikana nusu, ningepandikiza nywele au ningeacha. Picha nimeiona. Panja zimepanda, sikatai.

Zilianza nikiwa na miaka 21. Hilo la pili lisubiri kidogo, maana kuna jambo sijapata kuwaambia.

Lile kovu la juu ya sikio langu la kushoto. Nyote mmekua mkijua nilianguka kwenye mkorosho wa babu yenu. Sikuanguka.

Mwaka 1989 tulikwenda Mikindani kupeleka mahari kwa kina mama yako, na wazee wa kule wakataka wamwone kijana kwa macho yao. Nikaketi jamvini na kanzu mpya na kofia ya kuazima kwa mjomba. Joto liliponizidi nikaivua kofia nijipepee. Shangazi mmoja wa mama yako akanitazama, akamgeukia mwenzake: "Mshenga tumeshamwona. Kijana mwenyewe yuko wapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Hawakuwa na ubaya, ni utani wa ukweni tu. Lakini leo nakaribia miaka 60, na kila nikipita nyumba ile nageuza uso upande wa bahari.

Wiki iliyofuata, mtu mmoja tuliyekuwa tukipakia naye magunia bandarini akaniambia mafuta ya ganda la korosho yanaamsha nywele. Mimi, mtoto wa mkulima wa korosho! Nimekua nikiona vidole vya bibi yako vilivyobabuka kwa kubangua. Nilijua yanaunguza, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kidonda chenyewe: nilijua. Usiku nikaweka maganda kwenye makaa ya moto, yakatoa mafuta mazito ya kahawia, nikachukua unyoya wa kuku nikajipaka kutoka panja hadi juu ya sikio.

Alfajiri jicho la kushoto halifunguki. Malengelenge yakapasuka, ngozi ikawa nyeusi ikaanza kubanduka. Nikajifungia chumbani siku tisa, nikidai nina malaria. Siku ya tisa mama yako akaja na mama yake, wamebeba uji. Hakuniuliza kitu. Kitambaa kilikuwa kimeshikana na kidonda. Akakilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akawa anakivuta kwenye pembe, anapuliza, anavuta tena, anapuliza. Alipomaliza akasema, "Siku ile mimi nilikuchungulia dirishani kabla hujaivaa hiyo kofia." Basi. Tukafunga ndoa bado nina bandeji.

Sasa nisikilize. Mkorosho haukatwi ukiwa kwenye maua. Najua mmechoka kunisikia. Nilimwambia kaka yako alipotaka kuacha shule, nikajiambia mwenyewe tulipotaka kuuza shamba la Naliendele. Unangoja uvune, majani yatulie, ndipo unauona mti na kujua tawi lipi liondoke.

Lakini ngoja, si haki kukufananisha na mimi. Mimi nilitumia unyoya wa kuku, wewe unasema habari ya daktari. Ndiyo maana nilimpigia dada yako, ambaye kazi yake ya uuguzi imemfundisha kusema na mimi polepole. Alivyonieleza, nilielewa haraka, maana ni kama kubebesha miche. Vinyweleo vinatolewa kisogoni, ambako havidhuriki na ile homoni inayonyausha vya mbele, vinapandwa kwenye paji, na huko vinabaki na asili ya kisogo. Kikonyo, kile kitawi cha kuungia, cha mkorosho mzuri hakibadili asili yake kwa kuwekwa juu ya shina jingine. Hapo nilifurahi kabisa, nikasema mwache kijana aende.

Akanikatiza. Baba, mkorosho ukiukata kikonyo unachipua kingine. Kisogo hakichipui. Kilichotolewa kimetolewa, na akiba yake ina mwisho. Na zile nywele nyingine, ambazo hazijapandikizwa, zinaendelea na safari yao. Ukiwa na miaka 23 hakuna anayeweza kukwambia zitaishia wapi. Unaweza kufika 35 una mstari mzuri mbele, nyuma yake uwanja mtupu, na kisogoni hakuna tena cha kuchukua.

Akasema pia nywele zetu zimejikunja hadi ndani ya ngozi, hivyo asiyezizoea anaweza kuzikata mizizi wakati wa kuzitoa, na ngozi zetu ni nyepesi kuota makovu ya kuvimba. Wewe lile la begani, la chanjo, unalijua. Zilizopandwa nazo hupukutika wiki za mwanzo, huanza kuota upya kama mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili ni baada ya mwaka. Kuna dawa ya kupaka, minoksidili, ambayo ukiiacha ulichopata kinaondoka. Kuna na vidonge; hapo dada yako alisita, akasema kwa baadhi ya wanaume vinapunguza hamu ya unyumba. Vya hivyo kamuulize daktari, si mimi.

Umesema labda nimekurithisha. Dada yako anasema inatoka pande zote mbili, na jeni moja yenye nguvu sana hutoka kwa mama. Basi kabla ya kunitazama mimi, katazame kichwa cha mjomba wako wa Newala.

Mama yako anasema nakutisha. Labda. Bibi yako alichanjwa nembo usoni akiwa msichana, hazifutiki, na alizipenda hadi tunamzika. Kwa hiyo siwezi kusema mwili usiguswe. Na siwezi kusema upara si kitu, wakati kicheko cha Mikindani bado nakisikia. Ninachokiogopa ni ile ofa ya Istanbul ya siku tatu na hoteli, inayokwisha mwisho wa mwezi. Nani amekucheka, mwanangu? Hilo hukuniambia.

Uliniomba nisikwambie fanya wala usifanye. Neno ninalo, limefika mdomoni, na nalirudisha kwa shida. Ungengoja hata miaka miwili, mkorosho haukatwi... Basi, nimenyamaza. Hela ni yako, na kichwa ni chako.

Njoo Idd, uguse hilo kovu kwa kidole chako. Korosho kilo mbili zimepanda basi la leo asubuhi, zifuate Mbagala jioni. Mama yako ameziweka chumvi kidogo, unavyozipenda.

Baba yako