Andaa video kwa ajili ya mwenye bando dogo kwanza

Juzi msomaji mmoja, mwalimu wa ufundi, aliniandikia: "Kaka, nimehamia seva kubwa, nalipa hela nyingi kila mwezi, na bado wanafunzi wanalalamika video zinakwama. Nifanyeje?" Nikamwomba kiungo. Nikakuta somo la dakika 40, faili moja la MP4 lenye GB 1.8, limepandishwa vilevile lilivyotoka kwenye programu ya kuhariri. Piga hesabu, ukikumbuka baiti moja ni biti nane: hiyo ni megabiti 6 kwa sekunde. Mwanafunzi wake wa saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, akipata megabiti 1 ameshukuru. Hata ahamie seva ya namna gani, megabiti 6 hazitapita kwenye njia ya megabiti 1.

Nimemjibu kwa kirefu. Lakini najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo: tovuti yako, masomo yako, wanafunzi wako, usimtegemee mtu. Kwa hiyo nawaandikia wote.

Mimi niliyajua haya nikiwa nimeajiriwa. Kampuni moja ilinipa kazi ya kutengeneza tovuti ya mafunzo ya video. Nikapendekeza kila somo litoke katika matoleo kadhaa, kuanzia lile la chini kabisa, ili simu ichague yenyewe kulingana na mtandao ulivyo. Kikaoni bosi akasema mbele ya watu wote kwamba mteja wa maana ana intaneti nzuri, na asiyekuwa nayo si mteja wetu. Watu wakacheka. Nilikaa kimya, lakini nakiri neno lile liliniuma, na mpaka leo halijatoka. Mama yangu yuko kijijini, anatumia simu ndogo na bando la siku. Nikasikia kama ametukanwa yeye.

Niliondoka pale. Dada yangu ni fundi cherehani, tena fundi hasa, na kwa miaka mingi wasichana walikuwa wanamfuata awafundishe. Tukaanza kurekodi masomo yake sebuleni. Hayo mambo ya kutafuta taa na kuomba majirani wapunguze muziki nayaruka. Mwezi huu mwanafunzi wetu wa Mpanda ametutumia picha ya gauni alilolishona mwenyewe, zipu imekaa sawasawa, na ameandika: "Nimeangalia somo lote kwenye simu ya mama, halijakata hata mara moja." Dada aliisoma mara mbili kwa sauti. Mimi nilifungua kompyuta nikaangalia kumbukumbu za seva: alikuwa ameangalia karibu somo zima kwenye toleo la pili kutoka chini. Lile lile lililochekwa kikaoni.

Sasa kazi yenyewe. Njia tunayotumia inaitwa HLS, yaani HTTP Live Streaming. Apple waliitoa mwaka 2009 kwa ajili ya iPhone, na leo inachezwa karibu kila mahali. Kwenye Chrome ya Android unaweka pleya (programu ya kuchezea video ndani ya ukurasa) ya hls.js, ambayo ni bure. Ipo pia DASH, iliyotoka kama kiwango cha kimataifa mwaka 2012, na wazo lake ni hilohilo. Video moja inabanwa katika matoleo kadhaa ya ubora tofauti, kila toleo linakatwa vipande vya sekunde chache, kisha faili dogo la orodha linaieleza pleya vipande viko wapi na kila toleo linahitaji kasi gani. Mtandao ukishuka, pleya inaomba kipande kinachofuata kutoka toleo la chini. Ukipanda, inarudi juu. Wala huhitaji seva ya ajabu. Seva yoyote ya kawaida ya wavuti inatosha, kwa sababu inachogawa ni mafaili madogo madogo tu.

Kubana tunatumia FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, nayo ni bure. Matoleo yetu ya cherehani ni manne. La chini kabisa ni 240p (picha yenye mistari 240 kwenda juu) kwa kilobiti 200 kwa sekunde, halafu 360p kwa kilobiti 365, 480p kwa 800 na 720p kwa 1800. Sauti tunaibana kwa AAC, ya kilobiti 64, moja kwa matoleo yote, ili picha ikibadilika sauti isiguswe. Kwa somo la dakika 40, toleo la 360p pamoja na sauti halifiki MB 130. Linganisha na zile GB 1.8. Na usiseme kilobiti 365 ni chache mno: mwongozo wa Apple wenyewe unashuka hadi kilobiti 145 kwa picha ya pikseli 416 kwa 234.

Ila usinakili namba zangu kama zilivyo. Kamera yetu imekaa kwenye stendi, kinachosogea ni mikono miwili na sindano. Ukirekodi ngoma au mpira wa mtaani, kila kitu kinasogea, na kilobiti 800 zitakupa picha ya mabaka mabaka. Netflix walilieleza jambo hili mwaka 2015 walipoacha kutumia viwango vya aina moja kwa filamu zote, wakaanza kupima kila filamu peke yake. Wewe huna mitambo yao, lakini una macho. Bana dakika mbili za sehemu ngumu kuliko zote, ziangalie kwenye simu, kisha uamue.

Kuna jambo moja ambalo nikiulizwa nichague, nitachagua hilo: fremu kuu. Video ni picha nyingi zinazofuatana, na kila moja inaitwa fremu. Video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima. Nyingi zinahifadhi mabadiliko tu kutoka kwenye picha nyingine. Fremu kuu ndiyo picha iliyohifadhiwa nzima, na pleya inaweza kuingia kwenye toleo jipya hapo tu. Kwa hiyo fremu kuu zote, katika matoleo yote, lazima ziangukie sekunde ileile. Dada aliponiuliza nilimwambia ni kama kukata sare za kwaya: mishono isipolingana kwenye vipande vyote, huwezi kubadilisha mkono wa gauni moja na lingine. Alinielewa papo hapo. Sisi tunarekodi fremu 25 kwa sekunde, tunataka fremu kuu kila sekunde 2, kwa hiyo kwenye FFmpeg tunaandika -g 50 -keyint_min 50 -sc_threshold 0. Hiyo ya mwisho inaizuia programu isijiwekee fremu kuu kila picha inapobadilika ghafla. Vipande tunakata vya sekunde 6, yaani fremu kuu tatu kila kimoja. Ukirekodi kwa simu, angalia: simu nyingi hazishiki fremu kwa idadi moja, zinapanda na kushuka kutegemea mwanga. Zilazimishe ziwe sawa kwanza, ndipo ubane.

Jingine ni -maxrate na -bufsize, amri za FFmpeg za kuwekea kasi kikomo. Ukiacha kasi iruke itakavyo, toleo ulilolitangaza kuwa la kilobiti 365 litafika 900 penye shughuli nyingi, na hapo ndipo simu ya Mpanda inapokwama. Weka kikomo, halafu kwenye orodha tangaza kile kilele, usitangaze wastani. Na toleo la kuanzia liweke la kwanza kwenye orodha, kwa kuwa pleya za HLS kwa desturi huanza na lililotangulia. Letu la kwanza ni la 360p. Video inaanza mara moja, na mwenye mtandao mzuri anapandishwa baada ya sekunde chache.

Kuhusu kodeki, yaani mbinu yenyewe ya kubana na kufungua video, bado tunatumia H.264, ya zamani. Kodeki mpya kama HEVC na AV1 zinabana vizuri zaidi, ni kweli, lakini simu za bei nafuu nyingi hazina chipu ya kufungua AV1. Zikijaribu kwa nguvu za prosesa, simu inapata moto na chaji inaisha kabla somo halijaisha.

Maandalizi mengine yanafanyika kabla hujawasha kamera. Dada alipenda kushonea juu ya meza yenye kitambaa cha kitenge. Maua yale madogo madogo yanakula biti zote, mkono unaachiwa makombo. Tukatandika kitambaa cheupe kisicho na urembo. Uzi wa bluu kwenye nguo nyeusi ulikuwa unapotea kabisa kwenye 240p, hasa kwenye tundu la kifungo. Sasa anafundishia uzi mwekundu juu ya nguo ya krimu, na kila mshono unahesabika hata kwenye kioo kidogo.

Ndugu zangu, acheni kumwona mtazamaji wa simu ndogo kama mtu wa kubahatishiwa. Huyo analipa kila MB kwa hela yake, mara nyingi kwa hela aliyoipunguza kwenye chakula, na amekuchagua wewe. Ukimpelekea faili la GB 1.8 umemwambia hakuhusu. Toleo lake litengeneze kwanza, liangalie wewe mwenyewe mwanzo hadi mwisho kabla ya kuangalia lile la 720p, na liangalie saa mbili usiku kwa data ya simu, usitumie Wi-Fi ya ofisini. Likimfundisha mtu kushona, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Na faili la asili, lile zito, usilifute baada ya kubana. Usibane tena kutoka kwenye toleo lililokwisha kubanwa, wala usitengeneze 1080p kutoka kwenye rekodi ya 720p. Utaongeza uzito bila kuongeza kitu cha kuonekana. Siku simu za bei ya kawaida zitakapoifungua AV1 bila kuhangaika, masomo yote tutayabana upya kutoka kwenye faili hizo.