Uliza Fundi wa Grafiki: Kwenye simu ilikuwa safi, kwenye karatasi imekuwa kitu kingine

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja, kazi ilipendeza kwenye kioo cha simu halafu ilipotoka mashineni au ilipopandishwa kwenye tovuti ikageuka. Nimechukua nne. Hata kama swali sio lako soma tu, maana hela inayopotea kwenye kuprinti upya ni hela ya watu wenye biashara ndogo na inauma.

Habari kaka. Nina chekechea hapa Morogoro. Nilitengeneza kipeperushi mwenyewe kwa programu ya Canva, bluu yake ilikuwa inawaka kweli kweli, nikaprinti 500, zimetoka bluu imefifia inaelekea zambarau. Jamaa wa kuprinti anasema sio kosa lake. Ananidanganya?

Pole sana dada yangu, ila kwenye hilo la rangi hajakudanganya. Simu yako inatoa mwanga, inachanganya taa za rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, ndo huo mfumo wanaouita RGB. Karatasi haina taa, inarudisha tu mwanga wa hapo ulipo, na mashine inafanya kazi kwa wino wa aina nne, samawati, majenta (pinki iliyokolea), njano na nyeusi, ndo CMYK. Sasa kuna rangi ambazo taa inaweza kuzitoa na wino hauziwezi hata ufanyeje, bluu ya kuwaka, kijani kile cha kung'aa kama cha koti la bodaboda, chungwa kali. Mashine ikikutana nazo inatafuta iliyo karibu, na kwa bluu kali iliyo karibu mara nyingi inaangukia zambarau, kwa sababu bluu kwenye wino inapatikana kwa kuchanganya samawati na majenta, majenta ikikaribiana mno na samawati tayari umeshahama. Ukitaka bluu ibaki bluu acha nafasi kati yao, mfano samawati asilimia 100 na majenta asilimia 60 au 70, hapo utapata bluu iliyotulia na ya kueleweka.

Kwenye Canva kutoa faili la CMYK kupo kwa wanaolipia, kama hulipii basi chagua tangu mwanzo rangi zisizowaka sana, au tumia programu ya Scribus ambayo ni ya bure na inajua CMYK vizuri. Pia karatasi nayo ina mambo yake, ile ya kawaida ya kopi ya gramu 80 inanyonya wino na rangi inazama, laini ya kung'aa ya gramu 130 au 150 inaushikilia wino juu na rangi inabaki hai.

Ila huyo jamaa nae kuna sehemu alitakiwa akusaidie. Kabla ya nakala 500 alipaswa akutolee moja, kwenye karatasi ile ile na mashine ile ile, uiangalie nje kwenye mwanga wa jua ndo useme endelea. Hiyo idai kila mara, hata kama kuna foleni dukani, hata kama anakuambia haina shida, ni haki yako.

Na kwa kuwa unafanya mwenyewe, yaangalie na maandishi meusi. Weusi wa kwenye simu ukibadilishwa bila kuangaliwa unaweza kuwa mchanganyiko wa wino zote nne, na mashine ikiteleza kidogo tu herufi ndogo zinatoka na kivuli cha rangi pembeni, zinachosha macho. Mwambie jamaa wa kuprinti maandishi yawe wino mweusi peke yake asilimia 100. Halafu kama rangi inafika mpaka ukingoni mwa karatasi ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, yaani A5 yenye milimita 148 kwa 210 faili lake liwe 154 kwa 216, na namba ya simu ikae ndani angalau milimita 5 kutoka mstari wa kukatia. Kisu cha kukatia hakiwezi kupita pale pale kwenye kila karatasi, bila hiyo ziada utaona kistari cheupe pembeni kwenye nakala nyingi.

Asalaam aleikum ndugu mhariri. Niko Mombasa, nina duka la vipuri. Nataka bango la mita 3, logo ninayo kwenye simu nilitumiwa WhatsApp na aliyenichorea. Mwenye mashine anasema itatoka imevunjika vunjika, lakini mimi nikiiangalia iko sawa!

Waleikum salaam ndugu yangu. Iko sawa kwa sababu unaiangalia kwa udogo. Picha imetengenezwa kwa vidoti, pikseli. Tuseme hiyo yako ina pikseli 1,200 kwa upana, kwenye kadi au kipeperushi tunataka 300 kwa kila inchi, kwa hiyo inatosha inchi 4, kama sentimita 10 hivi, basi. Sasa ukiivuta mpaka mita 3 ambazo ni inchi 118, kila inchi inabaki na pikseli kama 10 tu, kila kidoti kinaonekana kama kigae. Kweli bango linatazamwa kwa mbali kwa hiyo halihitaji 300, hata 100 kwa inchi linapendeza, lakini 10 hapana.

Unachohitaji sio picha kubwa zaidi, ni logo ya vekta, yaani mchoro uliohifadhiwa kama mistari na hesabu zake, huo ukiuweka kwenye kadi au kwenye ukuta wa ghorofa unabaki mkali. Mpigie aliyekuchorea akupe faili la SVG, PDF, AI au CDR. Tena hata akikupa PDF iangalie, ikuze sana kwenye kompyuta, kingo zikianza kufanya ngazi ngazi ujue ameingiza ile ile picha ya vidoti, JPEG, ndani ya PDF, hiyo haijawa vekta. Kama hapatikani mtafute mtu aichore upya kwa programu ya Inkscape, ni ya bure, ina na kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta yenyewe ila matokeo yake huwa na mikunjo mibaya, logo ya maumbo machache bora ichorwe kwa mkono. Na ukishaipata usiitume WhatsApp kama picha kwa sababu inabanwa, tuma kama dokyumenti.

Ukilipia logo, lipia na faili lake la asili. Ndugu zangu wenye maduka hili nalirudia kila mara na nitaendelea kulirudia, logo ya JPEG peke yake ni kazi iliyoishia njiani.

Kijitabu cha kikundi chetu kina kurasa 18, duka limekataa kukibana kwa pini za kati. Na pia fonti ilibadilika tulipofika pale. (Kigoma)

Karatasi moja ikikunjwa katikati inazaa kurasa 4, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa 4, fanyeni 16 au 20. Fonti ilibadilika kwa sababu mlipeleka faili la Word na kompyuta yao haina hiyo fonti, pelekeni PDF yenye fonti ndani yake, au geuzeni maandishi yawe michoro na mbaki na nakala nyingine ya kurekebishia.

Shikamoo kaka. Nasimamia tovuti ya chuo kidogo Dodoma. Mkuu ananipa bango la A3 la usajili niliweke lilivyo, lina kila kitu, kozi, ada, masharti, namba sita za simu. Wanafunzi bado wanapiga kuuliza ada.

Marahaba mdogo wangu. Wanapiga kwa sababu hawajaiona, A3 ikibanwa kwenye kioo cha simu ada inakuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Kwenye tovuti maneno yaandike kama maneno, kuanzia pikseli 16, sio picha ya maneno. Hapo mtu anaweza kukuza, kunakili namba, kutafuta kwa Google, na asiyeona simu yake inamsomea kwa sauti, kitu ambacho picha haimpi.

Picha ibaki moja ya kuvuta jicho, na kanga itakufundisha zaidi ya somo lolote. Ina pindo, ina mji, halafu jina ni mstari mmoja, mfupi, herufi kubwa, mahali pale pale siku zote, mtu anausoma huku mwenye kanga anatembea. Kwenye picha yako jina ni "Usajili umefunguliwa" na tarehe ya mwisho, basi. Ada na masharti yashuke chini kwenye ukurasa, namba sita ziwe moja.

Kuhusu rangi, mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka maandishi ya kawaida yatofautiane mwangaza na nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1, makubwa 3 kwa 1. Njano juu ya nyeupe haifiki hata 2, ndo maana haisomeki juani. Picha ipunguze iwe na pikseli 1,200 kwa upana, iwe faili la JPEG au WebP, usiweke ile ya kuprintia yenye megabaiti kumi na kitu maana mwanafunzi anaifungua kwa bando lake. Mkuu akisita, mpe simu yake mwenyewe umwombe akusomee ada ya kozi moja kutoka kwenye hilo bango.