Sonona yangu ilikuwa na kitabu cha marejesho

Kwa miezi minane nilikuwa naamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa na mtu. Nalala chali, nasikiliza feni, nahesabu: leo Jumatano, kesho Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku ya marejesho ya mkopo. Kitabu chenyewe nilikificha chini ya godoro, kina jalada la kijani, pembe zimekunjika kwa kushikwashikwa. Kila wiki ina kisanduku chake cha sahihi. Vyangu vitatu vilikuwa vitupu.

Majirani walisema nina mawazo. Shangazi akasema nimepunguza sala. Mimi nilijiita mvivu, maana cherehani ilikuwa pale pale na mikono ninayo, ila kunyanyuka kitandani kulinishinda. Kumbe naumwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na chanzo chake hakikuwa kichwani mwangu peke yake.

Kikundi chetu cha wanawake kilikuwa kimejiandaa kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Katiba tumeandika, akaunti tumefungua. Aprili 2023 mikopo ile ikasitishwa Tanzania nzima ili utaratibu upangwe upya. Mwenye fremu alikuwa anataka kodi yake, nikaingia kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nilichukua laki tano, nirudishe elfu sitini kila wiki kwa wiki 12. Piga hesabu mwenyewe.

Kule mnadhaminiana. Mmoja akikosa, haondoki mtu mpaka hela itimie. Nimekaa kwenye yale mabenchi hadi giza linaingia, mtoto wa mwenzetu analia njaa, na sote tunamtazama mama mmoja aliyeinamisha kichwa. Wiki ya tisa mama huyo nilikuwa mimi. Ili nijiokoe nikakopa kwenye simu. Siku nilipochelewa, ujumbe ukatumwa kwa watu walio kwenye simu yangu, hadi kwa mwalimu wa mwanangu, kwamba mimi ni tapeli.

Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza kufungia programu 69 za mikopo zisizo na leseni, niliisoma ile orodha nikalia. Aibu niliyoibeba kama kosa langu ilikuwa biashara ya watu, na wanawake wengi tuliibeba, kila mmoja chumbani kwake.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa macho usiku, nenda kituo cha afya. Naomba usiliruke hili. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nawaza kufa, na nilijua kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nadhani kifungu hicho kimewanyamazisha wengi waliohitaji kusaidiwa, na ningependa kukiona kinafutwa. Lakini nesi niliyemwambia hakuita polisi. Alifunga mlango, akanivutia kiti, akauliza, "Unadaiwa?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilipewa vidonge, na baada ya wiki kadhaa usingizi ukarudi. Usiviache kwa sababu jirani amesema utavizoea ushindwe kuviacha.

Ila vidonge havikulipa deni, na Alhamisi ilikuwa inakuja vile vile. Hapo ndipo nilipomwonyesha kitabu changu mama anayeuza vitumbua jirani yangu. Aliniangalia, akaingia ndani, akatoka na chake. Jalada lile lile la kijani.

Tukawa watano. Tulitandika mkeka, tukaviweka vitabu katikati, tukajumlisha. Kisha tukaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, naye akatueleza kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Tulipoomba kuiona hiyo leseni, sauti ya mkusanyaji wa marejesho ikashuka. Tukakubaliana kulipa kidogo kidogo bila nyongeza. Ningeenda peke yangu, nina hakika ningefukuzwa.

Wenzetu wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa Harare kukaa benchi moja na mwenye hali hiyo na kumsikiliza. Ninachokipenda zaidi ni kwamba baada ya hapo watu hao huunganishwa kwenye vikundi, wakafuma mikoba ya kuuza huku wakizungumza. Wanajua moyo na mfuko ni majirani.

Kwa hiyo usiku huu andika jumla ya unachodaiwa kwenye karatasi, yote, hata ya dukani. Kesho mwonyeshe mtu mmoja ambaye naye anahangaika. Usimtafute mwenye nazo, atakupa pole tu.

Mikopo ya halmashauri imerudi na sisi tumeomba tena, bado tunasubiri. Alhamisi tunakutana kwangu, cherehani mbili na chai ya rangi. Asipotokea mtu tunamfuata nyumbani, tuone kama ameamka na kama amekula.