Barua kwa mwanangu: kongosho la baba yako na sigara zako

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unauliza kama ugonjwa wa kongosho unaomtesa baba yako umo kwenye damu yetu, na kama umo, kwa nini uhangaike kuacha sigara. Kwa kuwa nimefundisha baiolojia hadi kustaafu, acha nikujibu kwa kirefu.

Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na huvitoa vikiwa bado vimelala. Kazi yao inapaswa kuanzia utumboni. Vikiamka mapema, huanza kulila kongosho lenyewe. Likishambuliwa tena na tena, nyama yake laini hugeuka kovu na vijiwe vya chokaa hujitengeneza humo. Ndiyo yale madoa meupe uliyoyaona kwenye picha ya CT ya baba yako.

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, akiwemo David Whitcomb, waligundua hitilafu ya jeni liitwalo PRSS1. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na katika kila 100 walioirithi, kama 80 huugua. Ila hao aghalabu huanza kuumwa wakiwa watoto, wengi karibu na miaka 10. Baba yako alishavuka 40, na shangazi zako wote ni wazima. Siamini kwamba ni hiyo.

Ipo nyingine, ya SPINK1, jeni linalotengeneza protini ya kuzima vimeng'enya vilivyowahi kuamka. Kwenye jamii nyingi, mtu mmoja au wawili katika 100 wanayo, na wengi wao huzeeka bila kuugua. Peke yake haitoshi, mpaka ikutane na jambo jingine, kama sigara. Sasa basi, kama damu yetu ina udhaifu huo, sigara ni hatari kwako kuliko kwa rafiki unayevuta naye. Hiyo ndiyo sababu ya kuiacha, wala si sababu ya kukata tamaa.

Hilo la mihogo ulilolisikia, kwamba huharibu kongosho, lilishukiwa miaka mingi kwa sababu ya vijana wa nchi za joto, kama Kerala kule India, wenye kula mihogo, waliopata vijiwe vya kongosho bila kunywa pombe. Ushahidi haukusimama, na hitilafu ya SPINK1 imekutwa kwa wengi wao. Wewe kula muhogo wako.

Ndugu waliokuja kumjulia hali baba yako walinong'ona, "Pombe hiyo." Iliniuma. Kweli alikunywa sana, na pombe nyingi ya kila siku kwa miaka huharibu kongosho. Lakini hata katika walevi wakubwa, wasiofika watano kwa kila 100 ndio wanaopata ugonjwa huu. Sigara huuleta hata bila pombe, na zikikutana hatari huzidi sana. Baba yako aliacha pombe akabaki na pakiti yake mfukoni, kwa kuwa hospitali alikotibiwa mwanzo hakuna aliyemwambia kwamba moshi nao umo. Ulimwona usiku, ameinama amekumbatia mto. Hukuona choo chenye mafuta yasiyosagwa, kinachoelea, umwage ndoo ya pili na bado hakishuki. Kisha kikaja kisukari, maana insulini nayo hutengenezwa na kongosho, na sasa anaipata kwa sindano.

Kipimo cha jeni usikikimbilie. Kingekuwa na maana zaidi kama ungepata shambulio ukiwa kijana na sababu haionekani. Kapime kwanza trigliseridi (aina ya mafuta) na kalsiamu kwenye damu, maana zikizidi nazo huumiza kongosho, na mweleze daktari baba yako alianza akiwa na umri gani. Ukipata maumivu makali ya tumbo la juu yanayochoma hadi mgongoni, na kutapika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na hapo kliniki uulize kuhusu dawa za kusaidia kuacha sigara, kama bazoka za kutafuna zenye nikotini.

Majibu yakitoka nitumie. Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako