Kabla hujanunua dawa ya matone ya macho mekundu, soma yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwamba unashinda kwenye kompyuta masaa manane Posta, jioni unarudi Mbagala kwa bodaboda, macho yanawasha na kuwa mekundu, sasa ununue dawa gani ya matone. Na pia kama ile miwani ya kompyuta inayouzwa Kariakoo inasaidia. Wachangiaji wa juu wameshakutajia majina ya dawa kama wanaagiza soda. Nakuomba usinunue hata moja kabla hujamaliza hapa. Nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Mimi nilikuwa dereva bodaboda miaka sita, kijiwe chetu kipo Kariakoo upande wa Msimbazi. Kioo cha helmeti nilikuwa nakipandisha muda wote kwa sababu kilishachubuka, usiku taa za magari zinatawanyika humo ndani hadi huoni njia. Kuliko kununua kingine nikaona bora nipigwe upepo. Basi vumbi langu, moshi wa malori ya Barabara ya Mandela wangu, jua la saa nane langu. Jioni macho yanakuwa kama nyanya, abiria wengine wanasita kupanda wakidhani nimevuta kitu.

Mwaka 2019 mwenzangu wa kijiweni akanipa kichupa chake. Nikatia usiku, asubuhi macho meupe pe. Nikaenda duka la dawa nikanunua changu kwa shilingi elfu tatu, na muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Kikiisha nanunua kingine. Nilienda hivyo mwaka mmoja na nusu, matone mawili asubuhi, mawili usiku, na nilikuwa nawagawia wenzangu kama pipi.

Kile kichupa kilikuwa na antibayotiki pamoja na deksamethasoni. Hilo neno la pili likariri, na ndugu zake prednisoloni na betamethasoni. Ni steroidi. Ni dawa nzuri sana daktari akikupa kwa siku zinazohesabika huku anakupima. Inatuliza uvimbe na wekundu haraka, ndiyo maana kila mtu anaipenda, lakini vumbi na upepo vilivyoleta wekundu vinabaki palepale, kwa hiyo ukiacha wekundu unarudi na wewe unarudi dukani.

Ubaya wake ni huu. Ndani ya jicho kuna maji (siyo machozi, haya yako ndani kabisa) yanayotengenezwa na kutoka usiku na mchana, kama karai lililo chini ya bomba lisilofungwa, lenye tundu la kutolea maji. Ukitumia steroidi kwa wiki nyingi, kwa baadhi yetu lile tundu linaanza kuziba. Bomba haliachi kumwaga. Presha ya jicho inapanda, inauminya mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na nyuzi zake zikifa hazioti tena. Ndiyo glakoma, watu wanaita presha ya macho. Zaidi ya hapo steroidi inaweza kuleta mtoto wa jicho mapema, na kama wekundu wako unatokana na fangasi au kirusi cha hepesi, umekitilia mbolea.

Na haiumi. Hapo ndipo ilipoanza kunichezea. Glakoma ya aina hii inaanza kula pembeni, katikati unaona vizuri tu, namba ya gari unaisoma, sura ya mtu unaijua. Siku moja naingia mtaa wa Kongo nikagonga mkokoteni upande wa kushoto, ndoo za jamaa zikamwagika. Nilishuka nikamtukana, eti katokea ghafla. Yule baba akaniangalia akasema, "Nimesimama hapa tangu uko kwenye kona kule, mwanangu." Nikajua anajitetea. Wiki chache baadaye kioo cha kushoto cha pikipiki kikabaki kwenye ubavu wa bajaji. Nikalaumu bajaji.

Kilichoniokoa ni uzee. Nilipofika miaka 42 simu ikaanza kunishinda kusoma, nikawa naipeleka mbali mpaka mkono unaisha. Hiyo ni kawaida, lenzi ya jicho inapoteza ulaini wake na wengi tunaanza kuisikia kwenye arobaini. Nikanunua miwani ya kusomea kwa machinga, elfu tano. Dada yangu mkubwa alipoiona akafoka: "Miwani hainunuliwi kama ndala, nenda kapimwe!" Nikaenda ili anyamaze.

Kliniki wakanipima presha ya macho. Kwa watu wengi inacheza kati ya 10 na 21. Yangu ilikuwa 36 kushoto, 29 kulia. Daktari akaniuliza kama kuna dawa naweka, nikatoa kichupa mfuko wa koti kwa kujiamini kabisa. Akakigeuza, akasoma, akakiweka mezani. Akauliza kama kwetu kuna aliyepofuka, maana glakoma inatembea kwenye ukoo. Nikamwambia marehemu baba alikuwa haoni miaka yake ya mwisho, lakini ni uzee tu. "Nani aliwaambia ni uzee?" Sikuwa na jibu. Hakuna mtu aliyewahi kumpeleka baba kupimwa.

Kisha kile kipimo cha kuona pembeni. Unaweka kidevu kwenye kijisahani, jicho moja linafunikwa, unakodolea nukta ya katikati. Vitaa vidogo vinawaka huku na kule, kila ukikiona unabonyeza kitufe. Nikabonyeza, nikabonyeza, halafu kukawa kimya. Nikasubiri. Nikamwambia dada anayenipima kwamba mashine yake imezima. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Haijazima, kaka. Wewe endelea kutazama katikati."

Nilipoteza sehemu ya pembeni ya jicho la kushoto na hairudi. Pikipiki niliuza mwezi uleule, sasa nauza spea. Kuacha steroidi kulishusha presha, lakini si mpaka pale daktari alipotaka, kwa hiyo natia dawa ya kushusha presha kila usiku, na hiyo ni ya maisha.

Nikuambie na namna ya kutia dawa, kwa sababu nilikosea miezi miwili nikawa nanywesha shavu. Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini iwe kama kimfuko, dondosha tone moja tu humo, ncha ya chupa isiguse kope wala jicho. Fumba taratibu bila kukaza, bonyeza kona ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isiteremke puani na kooni. Kama una dawa mbili, subiri dakika tano kati yake. Na andika tarehe uliyofungua, maana chupa nyingi za kawaida zikishafunguliwa mwisho wake ni wiki nne, hata kama imebaki nusu.

Sasa turudi kwako. Ukikodolea kioo cha kompyuta unasahau kupepesa macho, na kupepesa ndiko kunakosambaza machozi. Ongeza feni au kiyoyozi kinachokupiga usoni, macho yanakauka, yanawasha, unafikicha, yanazidi. Geuza feni. Shusha kompyuta iwe chini kidogo ya usawa wa macho, kope zifunike sehemu kubwa ya jicho. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20 na pepesa makusudi. Ofisi ya Posta haikosi dirisha. Ukihitaji tone, omba machozi bandia, na umwambie mfamasia wazi kwamba hutaki yenye steroidi. Soma lebo mwenyewe. Yale ya kung'arisha macho yanayobana mishipa ya damu ya jicho nayo siyapendi, ukiyazoea wekundu unarudi mkali zaidi.

Miwani ya kompyuta, hela yako. Mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane (kundi linalokusanya na kupima tafiti za tiba) walikusanya majaribio 17 ya lenzi za kuchuja mwanga wa bluu, na hawakuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko lenzi za kawaida. Hiyo fedha kapimie macho, huenda unahitaji miwani ya namba na hujui.

Kwenye bodaboda vaa helmeti yenye kioo kizima na ukishushe. Mchana miwani ya jua iliyoandikwa UV400, yaani inazuia miale ya jua isiyoonekana, inafaa. Weusi wa kioo peke yake haukingi kitu, unaipanua mboni tu na miale inaingia. Vile vinyama vinavyoota kutoka kona ya jicho kuelekea kwenye mboni, madereva wengi wa kijiweni kwetu wanavyo, vinahusiana na jua na upepo wa miaka. Usiku vua hiyo miwani nyeusi.

Kuna mchangiaji kasema uchemshe majani ya chai uoshee macho. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia Dar, mtaani kwetu niliona kila kitu: chai, chumvi, maziwa ya mama, na kichupa kimoja cha deksamethasoni kinapita nyumba nne. Ule ulikuwa wa kirusi. Mara nyingi unaondoka wenyewe kwa wiki moja hadi mbili, kazi yako ni kunawa mikono, kufuta tongotongo kwa kitambaa safi chenye maji safi, kutochangia taulo na mto, na kukaa nyumbani. Kile kichupa kilichopita nyumba nne ndicho kilichousambaza, mimi siamini vinginevyo.

Usisubiri wiki kama jicho linauma kwelikweli, mwanga unalichoma, kuona kumepungua, au wekundu uko upande mmoja na unavaa lenzi za kubandika jichoni. Saruji, chokaa au tindikali ikikuingia, maji ya bomba kwanza, mengi, dakika 15 hadi 30 huku jicho umelifumbua, ndipo mtafute usafiri. Kwako Mbagala, hospitali ya rufaa ya Temeke ndiyo karibu. Amana, Mwananyamala na Muhimbili wana kliniki za macho, na CCBRT pale Msasani. Mwenye kisukari akapimwe kila mwaka hata kama anaona vizuri. Na kama kwenu kuna mzee "aliyepofuka kwa uzee", taja hilo kabla hujaulizwa.

Mtu ataniuliza hali yangu sasa. Presha ni 15 na 14, vipimo kila miezi minne. Hii dawa ya usiku ina vituko vyake: kope zimerefuka mpaka shemeji yangu anauliza nabandika wapi. Na inafanya macho kuwa mekundu kidogo. Leo asubuhi mteja kaniangalia akaniambia, "Bosi, macho yako, kuna dawa moja nzuri naijua."